Kubadili vipimo vya nishati: uniti za LUKU, BTU, kalori na kilo za gesi

Mtungi wa kilo 15 ni sawa na uniti ngapi za LUKU? Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinakula uniti ngapi usiku mmoja? Pawabenki ya 20,000 imebeba umeme kiasi gani? Maswali haya hayaishi, kuanzia maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo hadi magrupu ya WhatsApp ya wapangaji. Majibu yake mengi yana kasoro zilezile mbili: mtu amechanganya nishati na kasi ya kuitumia, au amezidisha mahali pa kugawa.

Huhitaji kujua fizikia. Unahitaji kuzidisha, kugawa, na kuwa na nidhamu ya kuandika kipimo mbele ya kila namba. Namba isiyo na kipimo haisemi kitu.

Njia ni moja kwa vipimo vyote: kila kitu kigeuze kwanza kiwe megajouli (MJ), kisha toka kwenye megajouli uende unakotaka. Ni kama daladala. Hakuna gari la moja kwa moja kutoka kila mtaa kwenda kila mtaa, ila ukishafika Kariakoo la kwako utalipata. Ukitaka kukariri njia ya kutoka BTU kwenda kalori, ya kalori kwenda uniti, ya uniti kwenda kilo za gesi, utachanganyikiwa kabla ya wiki kuisha. Megajouli inatufaa kwa sababu kwa matumizi ya nyumbani namba zake si ndogo mno wala hazina msururu wa sifuri.

Kabla ya kuanza

Andaa vitu hivi:

- Kalkuleta ya simu. Ikikuandikia 3.6E6, maana yake ni 3,600,000; hiyo E6 inasogeza nukta hatua sita kulia. Haijaharibika.
- Karatasi na kalamu.
- Lebo ya kifaa chenyewe, ile iliyobandikwa nyuma au chini. Usitegemee maandishi ya boksi wala maneno ya muuzaji.
- Ujumbe wa mwisho wa kununua LUKU.
- Mzani, kama hesabu yako inahusu gesi au mkaa. Mzani mdogo wa kuning'iniza, ule wa kupimia mabegi ya safari, unatosha kwa mtungi wa kilo 6 na kwa mkaa. Mtungi wa kilo 15 ukijaa unahitaji mzani mkubwa zaidi. Mwombe Mangi wa mtaani akupimie.

Halafu nakili namba hizi mahali utakapoziona kwa urahisi. Kundi la kwanza halibadiliki popote duniani:

- uniti 1 ya LUKU = kilowati-saa 1 (kWh) = 3.6 MJ
- wati-saa 1 (Wh) = 0.0036 MJ
- kilojouli 1 (kJ) = 0.001 MJ
- kilokalori 1 (kcal) = 0.004184 MJ
- BTU 1 = 0.001055 MJ
- BTU milioni 1 (MMBtu) = 1,055 MJ
- tani 1 ya mafuta katika takwimu za nishati (toe) = 41,868 MJ

Kundi la pili ni makadirio mazuri, kwa sababu mafuta na mkaa hutofautiana:

- kilo 1 ya gesi ya mtungi (LPG) = 46 MJ
- kilo 1 ya gesi asilia ya magari (CNG) = 49 MJ
- lita 1 ya petroli = 32 MJ
- lita 1 ya dizeli = 36 MJ
- kilo 1 ya mkaa mkavu = 29 MJ
- kilo 1 ya kuni kavu = 15 MJ

Hatua ya 1: Namba uliyonayo ni nishati au ni kasi?

Hapa ndipo watu wengi wanapoangukia, kwa hiyo usiharakishe.

Nishati ni kiasi, kama lita za maji kwenye ndoo. Uniti, kilojouli, kilokalori, BTU na wati-saa ni nishati. Wati, kilowati, megawati na HP (nguvu-farasi) ni kasi, kama vile bomba linavyotiririsha maji. Ukiambiwa bomba linatoa lita 10 kwa dakika hujui bado ndoo ina maji kiasi gani, mpaka ujue bomba limefunguliwa kwa muda gani. Vivyo hivyo pasi ya wati 1,200 haina uniti zozote mpaka useme imewashwa kwa muda gani.

Kuna namba tatu zinazojificha:

a) BTU ya kiyoyozi. Ikiandikwa kwenye kiyoyozi, "BTU 12,000" ni kifupi cha BTU 12,000 kwa saa. Ni kasi, si kiasi. Tutairudia.

b) Ah (ampea-saa) na mAh (sehemu yake ya elfu) za betri. Hizi si nishati wala si kasi ya nishati. Zinahesabu chaji tu. Ili zigeuke nishati lazima uzidishe kwa volti: betri ya volti 12 yenye Ah 100 ni 12 × 100 = Wh 1,200, yaani uniti 1.2. Pawabenki ya mAh 20,000 ni Ah 20. Volti za kuzidisha ni zile za seli za ndani, kwa kawaida 3.7, si 5 za tundu la kuchajia simu. 20 × 3.7 = Wh 74. Anayezidisha kwa 5 anapata Wh 100 na kujidanganya kwa robo nzima na zaidi. Angalia pia lebo ya nyuma, pawabenki nyingi zimeandikwa Wh zake kwa maandishi madogo. Wasafiri wa ndege wanaijua namba hiyo, maana mashirika mengi huweka mpaka kwenye Wh 100.

c) HP ya pampu au mota. HP 1 ni wati 746, lakini hizo ni zile zinazotoka kwenye shafti, si zinazoingia kutoka kwenye waya. Pampu ya maji ya HP 1 kwa kawaida huvuta karibu wati 1,000. Lebo ikiwa na wati za kuingia, tumia hizo uache HP.

Hatua ya 2: Kama ni kasi, zidisha kwa saa

Wati × saa = wati-saa. Gawa kwa 1,000 upate uniti. Pasi ya wati 1,200 kwa nusu saa: 1,200 × 0.5 = Wh 600 = uniti 0.6.

Dakika zigeuze kwanza ziwe saa kwa kugawa kwa 60. Dakika 40 ni saa 0.67. Saa 1 na dakika 40 si 1.40, ni 1.67. Kosa hili linaonekana la kitoto, ila ndilo linaloongoza kwa wanaokokotoa matumizi ya pampu. Na kwa wanaohesabu usiku: kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ni saa 10. Hesabu kwa vidole kama si hakika, usitoe tu namba moja kwenye nyingine.

Sasa kiyoyozi. Tuseme umenunua cha BTU 12,000 na unakiwasha saa 8 kila usiku. Hesabu inayosambaa mitaani ni hii: 12,000 × 0.001055 = MJ 12.66 kwa saa. Gawa kwa 3.6 unapata kilowati 3.52, mara saa 8 ni uniti 28 kwa usiku. Mtu anashtuka, anakirudisha dukani.

Kuzidisha kwake ni sahihi kabisa. Alichokosea ni maana ya namba. Kilowati 3.52 ni joto linalotolewa chumbani, si umeme unaoingia kwenye mashine. Kiyoyozi hakitengenezi baridi kutokana na umeme kama pasi inavyotengeneza joto. Kinatumia umeme kusukuma joto kulipeleka nje, na kwa kila kiasi kimoja cha umeme husukuma takriban viasi vitatu vya joto. Tafuta kwenye lebo mstari wa wati za kuingia. Kwa BTU 12,000 utakuta namba inayokaribia wati 1,100. Saa 8 × 1,100 = uniti 8.8, na hiyo ndiyo ya juu, kwa sababu chumba kikishapoa kompresa hupumzika au, kwa zile za inveta, hupunguza mwendo. Dirisha likiwa na mianya usitarajie kompresa ipumzike sana.

Hatua ya 3: Ingia kwenye megajouli

Zidisha kiasi chako kwa namba ya kipimo chake kwenye orodha. Kila mara kuzidisha, kamwe si kugawa.

- Uniti 20 × 3.6 = MJ 72
- Kilokalori 2,000 × 0.004184 = MJ 8.4
- Gesi kilo 15 × 46 = MJ 690

Kwa gesi, kilo ni za gesi yenyewe, si za mtungi. Kujua imebaki kiasi gani, soma uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye chuma cha shingo au mkono wake, pima mtungi mzima, kisha toa. Mtungi ukipima kilo 19.4 na chuma kimeandikwa 15.3, gesi iliyobaki ni kilo 4.1, sawa na MJ 189. Kutikisa mtungi au kuugonga kusikiliza mlio si kipimo.

Kwa mkaa kazi ni kubwa zaidi, maana unauzwa kwa kopo, sado, debe na gunia, na ujazo haukuambii uzito. Sado moja ya mkaa mzito wa miti migumu na sado moja ya mkaa mwepesi uliojaa vumbi ni vitu viwili tofauti. Pima kilo. Mkaa ulionyeshewa pia hukuongopea: unalipia maji, na sehemu ya moto itatumika kuyakausha.

Hatua ya 4: Toka kwenye megajouli

Hapa ni kinyume: gawa kwa namba ya kipimo unachokitaka. Kamwe usizidishe.

Mtungi wa kilo 15: MJ 690 ÷ 3.6 = uniti 192. Wa kilo 6: 276 ÷ 3.6 = uniti 77. Zile kilo 4.1 zilizobaki: 189 ÷ 3.6 = uniti 52 na kidogo.

Chakula cha kilokalori 2,000 kwa siku ni 8.4 ÷ 3.6 = uniti 2.3. Mtu mzima anaishi siku nzima kwa nishati ambayo birika la umeme la wati 2,000 lingeimaliza kwa saa moja na dakika kumi.

Usiandike uniti 191.6667. Namba 46 yenyewe ni makadirio, hivyo tarakimu mbili au tatu za mwanzo zinatosha, zilizobaki ni mapambo.

Hatua ya 5: Kagua ukubwa wa jibu

Mchele uleule ukiupima kwa kopo namba inakuwa kubwa kuliko ukiupima kwa debe. Nishati ni hivyohivyo: kipimo kikubwa, namba ndogo. Uniti ni kubwa kuliko kilokalori, hivyo ukigeuza uniti kwenda kilokalori namba lazima ipande (uniti 1 ni kcal 860). Uniti ni kubwa mno kuliko BTU, hivyo uniti 1 ni BTU 3,412. Ukipata kinyume, umezidisha mahali pa kugawa. Rudi hatua ya 3.

Hatua ya 6: Toa kinachopotea njiani

Kubadili vipimo hakupotezi kitu. Kutumia nishati ndiko kunakopoteza. Mtungi una uniti 192 kwenye karatasi, lakini hazifiki zote kwenye sufuria. Zidisha megajouli zako kwa ufanisi wa chombo, kwa makadirio haya:

- jiko la umeme la koili: 0.7
- jiko la umeme la induksheni: 0.85
- jiko la gesi: 0.55
- jiko la mkaa la kawaida la bati: 0.2
- jiko la mkaa lililoboreshwa: 0.3

Kwa betri ya asidi ya volti 12, Ah 100, usitumie zaidi ya nusu kama unataka idumu, kisha inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, nayo inakula: 1,200 × 0.5 × 0.85 = Wh 510. Feni ya wati 50 itazunguka kama saa 10. Aliyekuuzia kwa hesabu ya Wh 1,200 nzima alikuambia feni itakwenda saa 24.

Hatua ya 7: Weka shilingi

Bei ya uniti usiitoe kichwani. Chukua ujumbe wa LUKU, gawa fedha ulizolipa kwa uniti ulizopata. Utapata bei ikiwa na VAT na tozo zake. Kama ni manunuzi ya kwanza ya mwezi, ondoa kwanza makato ya kodi ya jengo, la sivyo bei ya uniti itaonekana imepanda, hasa ukinunua kidogo.

Kisha tafuta bei ya megajouli moja iliyofika chunguni: bei ya kipimo, gawa kwa megajouli zake, gawa tena kwa ufanisi. Kwenye kalkuleta bonyeza alama ya kugawa mara mbili. Ukigawa mara ya kwanza na kuzidisha mara ya pili umeharibu.

Bei zifuatazo ni za kujazia mfano tu, weka za kwako:

- Umeme, uniti shilingi 360, jiko la koili: 360 ÷ 3.6 ÷ 0.7 = shilingi 143
- Umeme uleule, induksheni: 360 ÷ 3.6 ÷ 0.85 = shilingi 118
- Gesi, kilo 15 kwa shilingi 57,000, yaani 3,800 kwa kilo: 3,800 ÷ 46 ÷ 0.55 = shilingi 150
- Mkaa, kilo shilingi 1,000, jiko la bati: 1,000 ÷ 29 ÷ 0.2 = shilingi 172

Tazama mkaa. Kabla ya kugawa kwa ufanisi ulikuwa shilingi 34 kwa megajouli, rahisi kupita vyote. Ulipofika chunguni umekuwa ghali kupita vyote. Ukiruka hatua ya 6 utapata jibu lililogeuka chini juu, na utaapa kwamba hesabu imekaa sawa. Ila sufuria la maharage ya saa mbili si sawa na chai ya dakika tano. Presha kuka ya umeme inapika maharage kwa nishati ndogo kuliko jedwali hili linavyoonyesha, kwa sababu joto limefungiwa ndani na muda umefupishwa.

Wenye bajaji na taksi za CNG wanatumia hatua hizohizo. 49 ÷ 32 = 1.5, yaani kilo moja ya gesi inabeba nishati ya lita moja na nusu ya petroli. Linganisha bei ya kilo na bei ya lita 1.5, si ya lita moja.

Hatua ya 8: Hakiki kwa mita

Mita nyingi zina kitaa chekundu kinachopepesa, na karibu yake pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh. Maana yake kikipepesa mara 1,000 uniti moja imekwenda. Mpepeso mmoja ni Wh 1, sawa na jouli 3,600. Kama mita yako imeandikwa 1600 au 3200, mpepeso mmoja ni uniti moja kugawa kwa namba hiyo.

Fanya hivi:

1. Zima kila kitu, chomoa na friji. Kitaa kisipepese. Kwenye baadhi ya mita kikibaki kinawaka bila kupepesa, hiyo ni ishara ya kutokuwa na matumizi.
2. Jaza birika la umeme lita 1.5 kwa chupa ya maji ya ukubwa huo. Tumia maji ya bomba, si ya friji.
3. Kabla ya kuwasha, kokotoa. Maji ya Dar es Salaam yako karibu nyuzi 28. Kufika 100 ni nyuzi 72. Kilo moja ya maji inahitaji kilojouli 4.186 kwa kila nyuzi. 1.5 × 72 × 4.186 = kJ 452 = MJ 0.452. Gawa kwa 3.6: uniti 0.126. Tarajia mipepeso 126.
4. Washa, hesabu mpaka birika lijizime. Kwa wati 2,000 kitapepesa kila baada ya sekunde 1.8, kwa hiyo mmoja ahesabu na mwingine aangalie birika.

Utapata zaidi ya 126, pengine 140 hadi 150. Ziada ni joto la birika lenyewe, mvuke uliotoka, na sekunde chache za kuchemka kabla ya kujizima. Ukipata 145, ufanisi wa birika lako ni 126 ÷ 145 = 0.87. Kama maji yalikuwa ya friji, nyuzi 8, ulipaswa kutarajia 160, na wengi husahau hilo kisha wanailaumu mita.

Angalizo: unatazama tu. Usifungue mfuniko wala usiguse lakiri ya mita.

Ukikwama

Lebo ya soda inasema kJ 629 na kcal 148, lakini nikigawa napata 150. Lebo haijakosea. Watengenezaji wa vyakula hawageuzi kilokalori kuwa kilojouli. Wanakokotoa kila moja peke yake kwa namba zilizofupishwa: gramu ya sukari ni kJ 17 au kcal 4, ya mafuta ni kJ 37 au kcal 9. Sukari gramu 37 inatoa 37 × 17 = 629 na 37 × 4 = 148. Tofauti ya asilimia moja au mbili iache ilivyo.

Nimesikia soda ina "kalori 148", nikatumia kalori ndogo ya darasani. Kwenye chakula na mazoezi, "kalori" ni kilokalori. Kalori ya maabara ni ndogo mara elfu. Jibu lako likipotea mara 1,000 kamili, sababu ni hii.

Gesi ya mtungi nimeikuta 46 mahali pamoja na 50 mahali pengine. Zote ni sahihi. Namba kubwa inahesabu hata joto la mvuke wa maji unaotoka na moshi, ambalo jiko la nyumbani haliwezi kulinasa. Kwa mapishi tumia ndogo. Kosa ni kulinganisha gesi kwa namba kubwa na petroli kwa namba ndogo.

Karatasi imeandikwa MBtu. Hapo kuna mtego wa zamani: M moja ni elfu, kwa hesabu ya Kirumi, na MM ni elfu ya elfu, yaani milioni. Bei ya gesi asilia, ikiwemo ya Songo Songo na Mnazi Bay, hutajwa kwa MMBtu. Ukisoma M kama mega utakosea mara elfu. Na MMBtu 1 ni uniti 293 za joto. Mtambo wenye ufanisi wa 0.4 utatoa humo uniti 117 tu za umeme.

Herufi kubwa na ndogo. MJ ni megajouli, mJ ni sehemu ya elfu ya jouli. Kati yake kuna sifuri tisa.

Kifaa kutoka Ulaya kimeandikwa 3,6 kWh. Mkato huo ni nukta yao. Ni tatu na nukta sita, si thelathini na sita wala elfu tatu.

Jioni umeme ukiwa mdogo birika linachelewa, je, linakula zaidi? Wati zimeshuka, nishati karibu ni ileile. Birika la wati 2,000 kwa volti 230 likipata volti 200 hubaki na wati 1,500 hivi. Litachemsha kwa muda mrefu zaidi, na mipepeso itaongezeka kidogo tu kwa joto linalotoroka njiani. Kama wati uliziandika kutoka kwenye lebo na ukazidisha kwa muda huo mrefu, utapata uniti nyingi ambazo mita haikuzihesabu.

Mita yangu iko juu ya nguzo, ndani nina kibodi tu. Basi soma salio la uniti kabla na baada, kwa kifaa kinachotumia angalau uniti moja kamili. Birika moja ni dogo mno kwa njia hiyo. Tumia kiyoyozi au jiko kwa saa moja.

Habari zinasema bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, nizigawe vipi kwa uniti? Hazigawiki, kwa sababu megawati ni kasi. Rudi hatua ya 2, tafuta saa. Mashine zake ziko tisa, kila moja megawati 235. Mashine moja ikizunguka kwa nguvu zake zote kwa saa moja inatoa megawati-saa 235, yaani uniti 235,000. Ikiwa taarifa haisemi imezunguka saa ngapi na kwa kiwango gani, uniti zake huwezi kuzikokotoa.